Ukimwacha Rubani

Ukimwacha rubani, umewahi wapi? Mlimsikia baba yenu akisema hivyo asubuhi, mlipotaka kuwasha gari kwenda harusini wakati mchungaji wa kufungisha ndoa yenyewe bado yuko sebuleni kwangu anakunywa chai. Mkacheka, kisha mkaniuliza msemo huo umetoka wapi. Umetoka humu humu kwetu. Kaeni niwaeleze ulivyozaliwa, na nitaeleza kwa haki, maana aliyeuzaa ni kaka yangu, babu yenu Byabato, nami ndugu yangu simsemi vibaya ila pale anapostahili.

Byabato alipomwoa Kemilembe, alimwahidi bahari. Kemilembe alizaliwa Kamachumu, ziwa alikuwa amelizoea, lakini ziwa si bahari, na bahari alikuwa ameisikia redioni tu. Mwaka wa kwanza wa ndoa akazaliwa Mugisha, safari ikalala. Baadaye kidogo Byabato akavunjika mguu. Mwaka mwingine ukaja msiba wa mama yetu. Ikawa kila safari ikikaribia, jambo linaingia, na bahari inasogezwa mbele. Watoto walipokwisha kukua na kwenda kwao, ndipo hao wawili wakapanga kweli: siku nne kisiwani Mafia. Wangetoka Bukoba hadi Mwanza, kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam, na Dar wangepanda kijindege cha kuwavusha.

Asubuhi ya safari, wakiwa njiani kwenda uwanjani, Kemilembe alisema neno moja. "Baba Mugisha, leo tukirudi bila kufika, usinitajie bahari tena. Sitakasirika. Nitaacha tu kuitaka."

Maneno hayo yalimwingia kaka yangu kuliko kama angefokewa. Toka hapo akawa mtu wa mbio. Na Byabato hata siku za kawaida hutembea mbele. Wanaume wetu wa zamani walitangulia njiani, mke akafuata nyuma na mzigo, wenyewe wakidai wanamkinga na nyoka. Sasa niambieni, uwanja wa ndege una nyoka gani? Lakini siku hiyo alitangulia kila mahali, mabegi yote mikononi, kwa sababu alikataa katakata kuyakabidhi. Alisema mizigo ikikabidhiwa itabidi isubiriwe, na yeye hakuja kusubiri.

Bukoba hadi Mwanza hakukuwa na neno. Mwanza ndipo mambo yalipoanza, na yalianza na senene. Kemilembe alikuwa na kopo la senene wa kukaanga, maana Mhaya haendi ugenini mikono mitupu, hata kama huko aendako ni hotelini na hamjui mtu. Mkaguzi akafungua kopo, akachungulia.

"Mama, hawa ni wazima?"

"Wamekaangwa, mwanangu. Onja."

Mkaguzi akaonja. Akamwita mwenzake naye aonje. Foleni ikasimama. Byabato, aliyekwisha kuvuka zamani na kuvaa mkanda wake, akarudi anahema.

"Mama Mugisha, tutaachwa na ndege kwa ajili ya panzi."

"Senene si panzi," akajibu Kemilembe, na hapo hata mimi ningesimama naye.

Nyuma yao kwenye foleni alikuwepo msichana aliyejifunga kitenge kichwani, anacheka kimyakimya. Jina lake Kabula, Msukuma wa hapo hapo Mwanza, alikuja kumwona mama yake na sasa anarudi kazini. Mvua ikaanza kunyesha kubwa, ndege ya Dar ikatangazwa kuchelewa, na Kabula akajikuta ameketi kando ya Kemilembe wanakula senene kutoka kopo moja. Kwa mazungumzo wakagundua kuwa wote wanakwenda Mafia, tena kwa kijindege hicho hicho.

Byabato hakuketi. Alikwenda dirishani, akatazama mvua, akarudi, akatazama saa, akaenda tena.

"Baba, pumzika," Kabula akamwambia. "Ndege ya Mafia haitatuacha."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu mimi ndiye—"

"Binti, wewe bado kijana," Byabato akamkata. "Ndege haina huruma. Haiulizi wewe ni mtoto wa nani. Saa yake ikifika, imeondoka."

Kabula akamtazama Kemilembe, akatabasamu, akachukua senene mwingine. Mtu aliyelelewa vizuri hashindani na mzee.

Mvua ilipopungua wakaruka, na walipotua Dar alasiri ilikuwa imekwisha kuiva. Huko nako kunanyesha. Vijindege vya visiwani huondokea jengo jingine, mbali kidogo kwa mguu, na nje ya mlango palibaki teksi moja tu. Byabato alikuwa amekwisha kuufungua mlango kabla mkewe hajatoka ndani.

"Tumsubiri Kabula," akasema Kemilembe. "Anangoja begi lake. Si tunakwenda naye njia moja?"

"Kila mtu na safari yake. Ingia."

"Baba Mugisha, mtoto wa watu atalowa."

"Atalowa, atakauka. Sisi tukiachwa ndiyo basi. Dereva, twende."

Kemilembe aliingia, kopo mapajani, na hakusema neno tena njia nzima. Mnamjua bibi yenu. Akifoka, jambo bado linajadilika. Akinyamaza, tafuta pa kujificha.

Kwenye jengo la vijindege kulikuwa na kaunta moja na mizani kubwa, maana kwenye ndege ndogo abiria naye hupimwa pamoja na mzigo wake. Byabato akapanda mizani na mabegi yote, akashuka amejinyoosha.

"Karibuni," akasema dada wa kaunta. "Mmewahi."

"Umesikia, Mama Mugisha? Tumewahi." Kisha akamgeukia dada. "Haya, tuonyeshe ndege tupande."

"Mtapanda, baba. Tunamsubiri rubani."

"Rubani hajafika?"

"Alikuwa kwenye ndege ya Mwanza iliyochelewa. Amepiga simu sasa hivi, yuko jengo lile jingine na hapati gari." Dada akasita, macho yakatua juu ya kopo alilopakata Kemilembe. "Anasema teksi ya mwisho imechukuliwa na baba mmoja na mama mmoja, wana kopo la senene."

Dada akaendelea kwa upole kwamba kijindege hakiruki giza likikaribia, jua linakwenda, na rubani asipofika upesi safari itasogezwa hadi Alhamisi. Alhamisi ndiyo siku waliyopangiwa kurudi nyumbani.

"Umemwacha rubani, Baba Mugisha," akasema Kemilembe. "Sasa umewahi wapi?"

Hakusema kwa ukali. Alivua viatu, akaliweka kopo chini ya kiti na kuegemea ukuta, kama mtu aliyekwisha kurudi kwake Bukoba. Byabato aliniambia mwenyewe kwamba hapo ndipo alipoogopa. Siyo kuachwa na ndege. Aliogopa kwamba mkewe ameacha kuitaka bahari, hapo hapo, mbele ya macho yake, na aliyemwachisha ni yeye na mbio zake.

Akatua mabegi. Akatoka mvuani.

Teksi ilikuwa imekwenda zake. Akasimama katikati ya barabara, mikono juu, mbele ya pikapu iliyobeba mitungi ya maji ya kunywa. Dereva akatoa kichwa dirishani kumtukana, kisha akaona mvi.

"Mzee, umechoka kuishi?"

"Mwanangu, nimemwacha rubani."

"Umemwacha nani?"

"Rubani wa ndege yangu. Nimemwacha kule na ndege iko huku."

Dereva alicheka mpaka akashindwa kuikataa safari. Wakamkuta Kabula mlangoni, kitenge kimelowa, begi miguuni, anaisaka teksi kwa simu.

"Shikamoo tena, baba."

"Marahaba. Nimekuja kukuchukua, mwanangu. Nilikosa."

Akampandisha mbele kwa dereva, yeye akapanda nyuma na mitungi, mvua ikimpiga utosini. Akainama kwenye kidirisha, akauliza kwa sauti, "Sasa kwa nini hukuniambia?"

"Nilianza kukuambia, baba. Ukasema ndege haina huruma."

Wanasema kicheko cha Byabato kilisikika hadi kwenye kaunta. Kemilembe alikisikia akanyanyua kichwa. Alipomwona Kabula akiingia, na nyuma yake mumewe anachuruzika maji, amebeba begi la rubani kichwani kama mpagazi, naye akacheka, akatafuta viatu vyake.

Kabula alibadili nguo, akarudi na shati jeupe lenye mistari mabegani. Karibu na rubani kuna kiti kimoja, na siku hiyo aliyekikalia ni Kemilembe. Byabato alikaa mwisho kabisa, kati ya mabegi, meno yakigongana kwa baridi, na anaapa hajawahi kukaa mahali pazuri kuliko pale. Walipopita mawingu, jua lilikuwa bado linaangaza juu ya maji, na maji yalikuwa kila upande. Kemilembe alifurahi mpaka akalia, na wala hakujificha.

Basi kesho yake palikuwa na boti ya kuwapeleka wageni kuwaona papa potwe, wale samaki wakubwa wapole. Boti ilikuwa mwisho wa ufuo, na Byabato, kama kawaida yake, alitangulia. Alifika wa kwanza, akashika ubavu wa boti, nahodha akampa mkono apande. Ndipo akageuka.

Kemilembe alikuwa nyuma sana, amesimama majini, maji yanamfika vifundoni, gauni amelikusanya kwa mkono mmoja. Hakuwa na habari na boti. Alikuwa anayatazama mawimbi yakija na kuondoka.

"Mzee, panda, tunaondoka," akasema nahodha.

Byabato akamshukuru, akairudia njia yote ile mchangani, na mguu wake mbovu. Alipomfikia mkewe alikuwa anahema.

"Mbona umerudi?" Kemilembe akamuuliza. "Boti si itakuacha?"

Kaka yangu akavua viatu, akaingia majini, akasimama kando yake.

"Iende," akasema. "Ukimwacha rubani, umewahi wapi?"