Mlango wa Buluu

Wapendwa, naona wengine mmeanza kutazama saa na mimi sijasema neno. Basi sikilizeni kisa hiki kifupi, halafu tutaona nani atakuwa na haraka ya kurudi nyumbani kwake.

Palikuwa na mtu mmoja aliyejenga karibu na stendi ya mabasi, katika mji wa milimani wenye baridi na ukungu. Mama yake alikuwa amepofuka, na madaktari wakasema matibabu yapo ng'ambo tu. Safari ikapangwa. Lakini huko hakuwa na ndugu wala jamaa, na hofu ya kumtembeza mama kipofu katika mji wa wageni ilimkosesha raha kabisa. Akaenda kutafuta kitabu cha kumwongoza.

Muuzaji aliyetandaza vitabu barazani akampa viwili, vyote vya kuongoza wasafiri katika miji mingi, ya ng'ambo na ya kwao. Kimoja kipya, kinang'aa, kimejaa picha. Cha pili kikuukuu, hata jina la mwandishi hakina.

"Nitajuaje kipi kinasema kweli?" akauliza.

"Tazama kinasemaje juu ya kwenu, bwana. Kwenu unakujua. Kikikudanganya juu ya kwenu, na huko uendako kitakudanganya."

Ushauri mzuri, si ndiyo? Hata mimi ningeufuata.

Akafungua kile kinachong'aa. "Watu wa mji huu ni wakarimu mno. Piga hodi popote, utapokelewa." Akatabasamu, kifua kikamjaa. Kisha akafungua kile kikuukuu. Nacho kiliutaja mji wake, stendi, mashine ya kusaga, hata mtaro ulioziba mbele ya zahanati. Halafu kikasema: "Ukipita mtaro, kuna nyumba yenye mlango wa buluu, rangi imechuruzika pale chini. Msafiri, mvua ikikukuta hapo usipige hodi. Utaitikiwa karibu, karibu, lakini komeo halitaondolewa. Mama mmoja alisimama hapo na mtoto mwenye homa mpaka kilio cha mtoto kikakoma."

Mlango ule ulikuwa wake. Aliupaka rangi yeye mwenyewe, kwa haraka, ikachuruzika.

Siku ile aliikumbuka vizuri. Alikuwa mezani, ugali ungali wa moto, hodi ikapigwa, naye akaitikia bila kuinuka, kama tunavyofanya, akijua kwamba mgeni mwenye haya ataelewa na kwenda zake. Hakumsimulia mtu. Sasa nani aliyaandika haya?

"Hiki kimeandikwa na nani?" akauliza.

"Sijui, bwana. Wengi hukifungua, husoma kidogo, hukirudisha. Nao hutoka jasho kama wewe."

Niambieni ukweli, ninyi mngenunua kipi? Haya, naye alinunua hichohicho. Kile kinachong'aa.

Wakasafiri, wakafika. Kitabu kilisema nyuma ya hospitali kuna nyumba ya wageni ambayo mlango wake haufungwi. Teksi ikawashusha hapo mchana, mvua inamwagika, barabara nzima haina mtu. Nyumba ilikuwepo kweli. Taa zinawaka ndani, harufu ya chakula inatoka. Lakini mlango ulikuwa umefungwa, nao ulikuwa wa buluu, na pale chini rangi imechuruzika.

Akarudi nyuma hatua moja.

"Piga hodi, mwanangu," mama akasema, meno yanagongana. "Baridi inaniua."

"Hodi!"

"Karibu! Karibu!" sauti ikaitika kutoka ndani, kwa Kiswahili cha kwao kabisa. Hakuna aliyeinuka. Akapiga tena, akaugonga mlango kwa ngumi. "Karibu!" ikasema ile sauti, kwa upole uleule, na komeo halikusogea.

Mama akatega sikio. Kisha akasema polepole, "Mwanangu, umeingiaje humo ndani ukaniacha mimi huku nje?"

"Mama, niko hapa. Nimekushika mkono."

Mama akauchomoa mkono wake kwa woga. "Sauti ya mwanangu naijua, nayo iko ndani. Wewe uliyenishika ni nani?"

Mnataka niwaambie kama mlango ulifunguliwa. Mimi sijui. Kisa changu kinaishia hapo kizingitini, kwenye mvua.

Ila sisi, wapendwa, Kitabu tunacho. Tukikifungua tunakimbilia pale panapotusifu, na tukifika pale panapoutaja mlango wetu tunageuza ukurasa upesi, tunasema hayo yanamhusu jirani. Tunaogopa bure. Yule mtu angekichukua kile kikuukuu, angelia, ndiyo, angeaibika. Lakini angekuwa bado yuko kwao, bado hajasafiri, na komeo liko upande wake. Si angeweza kuliondoa?

Na sisi bado hatujasafiri. Nje mvua imeanza, mnaisikia wenyewe hapo juu ya bati, na pale stendi kuna watu waliokosa gari. Leo ukisikia hodi, usije ukaniambia kesho kwamba uliitikia karibu. Kuitikia tunajua sote. Acha ugali, inuka, ukafungue.