Dawa Ilikuwa Ukingoni

Wapendwa, palikuwa na mama mmoja fundi, mtu wa maneno machache, aliyetengeneza redio na kamera katika kibanda kando ya soko. Siku moja akaja bwana mmoja na kamera ya marehemu baba yake, ile ya zamani inayotoa picha hapo hapo. Filamu zake hazitengenezwi tena. Alikuwa na pakiti moja ya filamu za siku hizi, karatasi nane tu, aliyoletewa kutoka ng'ambo.

"Haziingii," akasema. "Na mama yangu mgonjwa, hana siku nyingi. Anataka picha ya kushika mkononi, si ya kwenye simu."

Fundi akapima. "Filamu hii ni pana kuliko ile ya zamani. Nitakata sanduku hapa nyuma, niipatie nafasi, kisha nizibe mwanga usipenye. Lenzi ya marehemu sitaigusa."

Yule bwana akaruka. "Ukate kamera ya baba? We mama, ni fundi au mchinjaji?"

"Baba, lenzi ndiyo inayoona. Sanduku ni nyumba tu."

"Basi punguza filamu! Imezidi upana wa kidole."

"Usithubutu, baba. Filamu hiyo ina..."

Hakumsubiri amalize. Alinyakua kamera yake akaenda zake. Fundi akabaki na bisibisi mkononi.

Nyumbani, bwana yule alijifunika blanketi zito ili mwanga usiunguze filamu, akazipunguza zote nane kwa mkasi wa kushonea. Zikaingia sawasawa! Mama yake akavikwa kitenge kizuri, akakalishwa uani, akatabasamu mara nane. Zikatoka karatasi nane tupu, zenye mabaki ya uji unaonata vidoleni.

Baada ya maziko alirudi kibandani, akazitupa mezani. "Filamu za siku hizi takataka!"

Fundi akaokota moja, akaona pale mkasi ulipopita. Mtu yule mpole, siku hiyo moyo ulimchemka.

"Hukuniacha nimalize," akasema. "Kila karatasi hubeba dawa yake ukingoni, na dawa hiyo ndiyo inayoleta sura. Hapo ulipoona pamezidi, ndipo ilipokuwa. Umemkata mama yako, ukalihurumia sanduku la plastiki."

Sasa niambieni, nani aliyeharibu picha? Filamu?

Naona mnatikisa vichwa. Ni rahisi kumtikisia kichwa mtu wa hadithi. Lakini mwaka jana binti mmoja wa hapa alizalia nyumbani kwao, bila ndoa. Tulifanyaje? Tulimtoa kwaya, tukampeleka benchi la nyuma, tukasema ndivyo wazee wetu walivyofanya. Leo tunaulizana mbona kwaya imepooza, mbona vijana wamekimbia. Tunasema, "Vijana wa siku hizi!" Hivi hatuoni haya? Mkasi tumeushika sisi!

Neno la Mungu ni lenzi, na hakuna anayetuomba tuliguse. Tulichokilinda kwa ukali wote huo ni sanduku, desturi yetu tu. Na sauti ile tuliyoikata, tukaiona imezidi, nani alituambia kwamba Mungu hakuweka dawa yetu humo?

Yule bwana alichelewa, mama yake amekwisha kuzikwa. Sisi bado. Binti yupo, amekaa pale nyuma na mwanawe mapajani, hata sasa ninaposema. Nani atasimama akamlete mbele?