Mataruma ya Mashua Iliyoitika

Tegeni masikio, mliokaa na mlioegemea. Mashahidi wote wanakubaliana kwamba mashua kuukuu ya marehemu Mzee Kombo iliitika kwa sauti ya mzee huyo kila binti yake, Mwanakheri, alipoita "Baba!", na kwamba mataruma, yaani mbavu za mashua hiyo, yalikuwa yameoza.

Fundi mgeni akajitolea kuyabadilisha. "Ujira wangu ni mataruma ya kale tu, bibie."

"Mafundi wenzako hutuachia tukapikie."

"Mimi sipiki."

Mwanakheri alimshuku, lakini aliogopa mashua isije ikazama na sauti ya babake. Fundi aling'oa, akapachika, aling'oa, akapachika, aling'oa, akapachika, hadi taruma la mwisho.

"Baba!"

"Naam!" iliitika mashua. "Naam!" uliitika pia mzigo wa mataruma mabovu begani mwa fundi.

"Chagua kimoja," alisema fundi. "Kingine changu."

Mwanakheri akaita tena. Mashua iliitika upesi. Mzigo ulikohoa kwanza, kama alivyozoea marehemu. Lakini Mwanakheri alikumbuka kwamba fundi naye alikuwa ameisikia mashua ikikohoa hivyo kabla ya kuitika siku nzima, na angeweza kuiga.

Hata hivyo, alichukua mzigo. Fundi akaondoka na mashua, akicheka kwa kauli ya shahidi mmoja, akilia kwa kauli ya mwingine. Nani aliondoka na Mzee Kombo? Ushahidi mmeusikia, hukumu ni yenu.