Bundi wa Bi Siwatu na Matanga ya Walio Hai

Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na nini?

— Sema wewe, masikio tunayo!

Palikuwa na paa la makuti. Juu ya paa ndege, chini ya paa mwanamke, na kati ya ndege na mwanamke palikuwa na makelele. Wa nyuma sogeeni mbele. Anayesinzia jirani yake ambane pua.

Hapo zamani za kale, katika kijiji cha Kitunduni, kijiji cha wakulima wa mpunga, aliishi mjane mmoja jina lake Siwatu binti Mfaume. Siwatu hakuwa tajiri, hakuwa maskini, alikuwa mcheshi. Akicheka, kuku hutoka bandani kuja kutazama kuna nini. Alikuwa na kuku saba, mbuzi mmoja na kinu kimoja. Na darini alikuwa na kikapu cha mbegu ya mpunga aliyoachiwa na marehemu mama yake. Mpunga ule ukipikwa nyumba ya kwanza, nyumba ya saba wanameza mate. Siwatu alikuwa akiingojea mvua tu, apande.

Siku moja jua linazama, Siwatu anapepeta mchele uani, ndege akaja akatua juu ya paa lake. Macho mawili kama visahani. Kichwa kikageuka mbele, kikageuka nyuma, kikageuka mbele tena, mwili haujasogea hata kidogo. Akalia:

"Hu-uuu! Hu-yuuu! Hu-yuuu!"

Jirani yake, Mashavu, alikuwa akipita na mtungi kichwani. Mtungi ukaanguka, pwaa!

"Shoga yangu Siwatu! Umemsikia?"

"Nimemsikia. Bundi huyo."

"Umesikia alichosema? Amesema huyu! Huyu! Tena anakutazama wewe!"

"Mbona na wewe amekutazama?"

"Mimi amenitazama kwa kisogo!"

Mashavu hakungoja jibu. Akapiga hodi nyumba ya kwanza: "Siwatu ameitwa na bundi!" Akapiga hodi nyumba ya pili: "Siwatu ana siku tatu!" Nyumba ya tatu hakupiga hodi, aliingia tu: "Siwatu, maskini, alikuwa mtu mwema!"

Siwatu alicheka sana. Lakini alipoingia ndani akafunga mlango, kicheko kikabaki nje. Akajishika shingo, akajishika kifua. Moyo unapiga, du, du, du.

"Upo?" akauuliza.

Du.

"Basi kaa hapo hapo."

Asubuhi akafungua mlango, akakuta uwanja umejaa watu. Wana mikeka, wana vibao vya kukalia, wana vijiko.

"Jamani, kuna nini? Nani amefariki?"

"Wewe."

"Mimi si huyu hapa?"

"Si neno, tumependa kuwahi."

Wakakaa, wakashika vichwa, wakaimba kwa uchungu:

*Siwatu wee, Siwatu,*
*umetutoka, Siwatu,*
*maharage yako wapi, Siwatu?*

Siku ya kwanza wakala maharage. Siku ya pili wakala kuku, wote saba. Siku ya tatu wakala mbuzi, na mchuzi wake wakaukomba kwa vidole. Kuni akate nani? Siwatu. Maji ateke nani? Siwatu. Vyombo aoshe nani? Siwatu. Na alipopeleka mkono kwenye sinia, Mashavu akaudaka hewani.

"Hee! Marehemu hali!"

Kila jioni bundi akirudi juu ya paa: "Hu-yuuu! Hu-yuuu!" Watu wakizidisha vilio mpaka makuti yanatikisika.

Jioni ile ya tatu akasimama Jumbe Feruzi, mkuu wa kijiji, mtu mwenye tumbo la kutangulia mbele na huruma ya kufuata nyuma.

"Siwatu, Mungu akurehemu."

"Ahsante, Jumbe."

"Nasikia kuna mbegu darini. Wewe hutaipanda tena, na panya wataila bure. Baada ya siku tatu tutaipika, iwe sadaka yako."

"Na kinu nakichukua mimi," akasema Mashavu. "Kisije kikaona upweke." Akajitwika kinu, na pumba zote zilizokuwa ndani yake.

Siwatu akasimama pale uani na njaa yake. Maharage yalikwisha, akanyamaza. Kuku walikwisha, akanyamaza. Lakini mbegu ya mama yake! Hofu ya siku tatu ikamtoka mara moja, hasira ikaingia bila hodi. Akasema moyoni: "Kufa nitakufa. Lakini huyo ndege ataniambia kwa nini."

Asubuhi ya nne, waombolezaji wamelala chali kwa shibe, Siwatu akachukua mwiko wa kusongea ugali akaenda nyuma ya nyumba. Palikuwa na mkwaju mkubwa wenye pango. Kabla hajafika akasikia ghasia. Ndege wadogo, shomoro, chozi, shorewanda na kurumbiza, wamemzunguka bundi mlangoni pa pango lake, wanamdonoa na kumtukana.

"Mchawi!" akapiga kelele shomoro.

"Macho hayo kayaazima wapi?" akasema chozi, ambaye mwili wake wote haukufika hata ukucha wa bundi.

Bundi amefumba jicho moja kwa mwanga wa jua, amejikunja kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Siwatu aliyekuja kupiga akajikuta anaona huruma. Akavua kanga ya begani, akaipeperusha: "Shii! Shii! Kwenu!" Ndege wadogo wakatawanyika.

"Shikamoo, bibi," akasema bundi.

"Marahaba. Na usidhani nimesahau. Niambie, mimi nakufa lini?"

Bundi akafumbua jicho la pili. Kichwa kikageuka nyuma, kikageuka mbele.

"Kwani bibi unaumwa?"

"Siumwi. Wewe si unatua juu ya paa langu kila jioni, unasema huyu, huyu?"

"Huyu?" Bundi akashangaa mpaka manyoya yakamsimama. "Bibi, mimi sisemi huyu! Nasema *huku!* Huku! Namwita mke wangu. Dari lako lina panya kumi na sita, wanakitoboa kikapu chako cha mbegu. Mimi nikiwasikia namwita, huku, mama watoto, huku! Sasa siku tatu hizi wageni wako wanapiga mayowe, mke wangu hanisikii, panya wanakula, sisi tunalala na njaa."

Siwatu akamtazama bundi. Bundi akamtazama Siwatu. Kicheko kikaanzia tumboni, kikapita kifuani, kikatokea puani. Alicheka akakaa chini. Alicheka akalala. Alicheka mpaka mwiko ukamponyoka.

"Kumbe na wewe umeshindishwa njaa na matanga yangu!"

"Njaa kali, bibi."

"Basi leo usije kwangu. Nenda kwa Mashavu. Amebeba pumba zangu, panya watakuwa wamezifuata."

Jioni ile bundi akatua juu ya paa la Mashavu. "Hu-uuu! Hu-uuu!" Kijiji kizima kikasikia kama kilivyozoea kusikia. Waombolezaji wakakunja mikeka kwa Siwatu, wakaikunjua kwa Mashavu.

"Si mimi!" Mashavu akalia, na sasa analia machozi ya kweli. "Amekosea nyumba!"

"Bundi hakosei nyumba. Wewe mwenyewe ndiwe uliyetufundisha."

*Mashavu wee, Mashavu,*
*umetutoka, Mashavu,*
*bata wako wapi, Mashavu?*

Kesho yake wakala bata wanne na chungu cha muhogo wa nazi. Mashavu akanyoosha mkono kwenye sinia. Ukadakwa. Jumbe Feruzi akajifuta midomo, akasema: "Msiba huu wali wake ni mdogo. Kesho tutashusha ile mbegu ya Siwatu, tuwaunganishe marehemu wote wawili."

Siwatu akaenda mbio mpaka kwenye mkwaju.

"Hodi! Leo kwa Jumbe. Ana ghala kubwa kuliko nyumba yake. Na nusu ya panya wa dunia wanaishi humo."

Jua lilipozama bundi akatua juu ya nyumba ya Jumbe, katikati kabisa ya paa. "Hu-uuu! Hu-uuu!"

Jumbe Feruzi alikuwa barazani. Mara hayupo barazani. Mara visigino viwili vinaonekana vikiingia mvunguni mwa kitanda.

Watu wakaja na mikeka. Wakaja na vijiko. Mashavu safari hii alikuja na sufuria tupu, kubwa.

*Jumbe wee, Jumbe,*
*umetutoka, Jumbe,*
*ng'ombe wako wapi, Jumbe?*

"Ng'ombe wangu asiguswe!" sauti ikatoka mvunguni.

Kisha mtu mmoja akapiga ukelele: "Maiti amesema!" Watu wakakimbia wakagongana mlangoni, huyu kavaa kiatu cha yule, sufuria ya Mashavu inabingirika uwanjani, ngalala, ngalala. Siwatu akashika nguzo ya baraza, anacheka hana nguvu.

Jumbe akatoka, vumbi mpaka kwenye nyusi. "Leteni upinde!" akaunguruma. "Nani hodari wa mshale? Mpigeni yule mchawi kabla sijafa!"

Mwindaji mmoja akaweka mshale kwenye upinde, akauvuta. Bundi juu ya paa hakusogea. Alikuwa anasikiliza ghalani. Kicheko cha Siwatu kikakatika. Akaruka, akasimama mbele ya upinde, kifua mbele.

"Ukimpiga yeye, anza na mimi. Mimi si maiti wa siku nyingi? Huna la kupoteza."

Mwindaji akauteremsha upinde.

"Jumbe, sikuombi kitu," akasema Siwatu. "Naomba mnyamaze. Kijiji hiki kimelia siku tano, hakijasikiliza hata mara moja. Nyamazeni, mara moja tu."

Wakanyamaza. Wakasikia upepo kwenye makuti. Wakasikia ghalani, kwaru-kwaru, kwaru-kwaru. Wakamsikia bundi:

"Hu-kuuu! Hu-kuuu!"

Na kutoka kwenye mkwaju wa mbali, sauti nyembamba ikajibu: "Na-ku-jaaa!"

Bundi jike akapita juu ya vichwa vyao bila sauti hata ya unyoya, akaingia kwenye dirisha la ghala. Akatoka na panya. Akaingia tena, akatoka na panya. Akaingia mara ya tatu, akatoka na panya mnene kama muhogo wa shamba jipya. Uzito ukamshinda, akamwangusha, na panya akadondokea ndani ya kola ya kanzu ya Jumbe.

Msiniulize. Jumbe Feruzi alicheza ngoma ambayo haijapata kupigwa. Aliruka kushoto, aliruka kulia, alizunguka uwanja mara tatu, na tumbo lake lilizunguka mara nne. Kijiji kilichokuja kulia kilicheka mpaka wakaegemeana.

Panya alipotoka kwa chini, Jumbe akakaa, akahema, akauliza kwa sauti ndogo:

"Kwa hiyo, Siwatu... sifi?"

"Utakufa, Jumbe. Sote tutakufa. Ila bundi hana habari."

Siku ya pili Jumbe akampa Siwatu mbuzi na kuku saba kutoka bandani kwake, tena bila kuambiwa, maana kila akiona watu wanatabasamu alidhani wanatazama kola yake. Mashavu akarudisha kinu, kimepigwa maji kimetakata. Na mvua ikaanguka. Watu wote wa Kitunduni wakaingia shambani kwa Siwatu na majembe, wakalima kutwa, na yeye akapanda mbegu ya mama yake mwenyewe, kwa mkono wake, tope mpaka magotini, hai kabisa.

Mashavu naye? Bundi akilia, husema kwa ujasiri, "Anasema huku." Lakini mguu mmoja anaweka nje ya mlango.

Haya, wenzangu. Sikio lenye hofu husikia jina lake hata kwenye mlio wa ndege. Sikiliza kwanza, kilio hakikimbii.

Mimi siku ile kwa Jumbe nilikuwapo, na kijiko changu mfukoni. Ng'ombe hakuchinjwa, nikarudi na njaa. Ndiyo maana nasimulia nikitazama chungu chenu. Ngano yangu imetua hapa: tamu yake iwe yenu, chachu yake niachieni mimi, na wali kama upo, huku! Huku!