Shamba la Yatima na Gari la Silinda Nane

Msomaji mwema, usiupitishe ujumbe huu kwa mwenzio kabla hujaufikisha mwisho, maana ndani yake mna dhuluma iliyovaa kilemba, na dhuluma ya namna hiyo haitambulikani kwa kutupiwa jicho moja.

Katika mji mmoja wa pwani waliishi ndugu wawili, Sudi na Hemedi. Baba yao alipofariki waligawana shamba lake la minazi nusu kwa nusu, kila mmoja akala jasho la upande wake. Hemedi alijaaliwa mtoto mmoja tu, binti aitwaye Salha. Angali mzima wa afya, alimpa binti yake nusu yake ya shamba kwa hiba, mbele ya mashahidi. Kisha maradhi yalipomlaza, akamwita nduguye mkubwa kitandani pake.

"Kaka, mtoto bado mdogo," alisema. "Nakuusia mali yake. Wewe ndiwe wasii, mpaka awe mtu mzima."

"Tulia, ndugu yangu," Sudi akamjibu. "Kitu cha Salha ni mboni ya jicho langu."

Hemedi alifumba macho kwa amani. Laiti angalijua mboni hiyo itatazama wapi.

Mwanzoni mambo yalikwenda kwa wema. Nazi ziliangushwa kwa msimu wake, zikauzwa, na mjane Bi Mwanakheri na binti yake wakapata chakula na nguo na ada ya masomo. Lakini Sudi alikuwa na maradhi yasiyotibiwa na mganga. Aliyapenda magari kwa mapenzi ya kupindukia. Kila alipopata nafasi alikodolea simu yake, akitazama minada ya ng'ambo ambako magari ya Kimarekani ya zama za babu zetu, ya milango miwili na injini kubwa yenye kunguruma, yalinunuliwa kwa bei ya majumba. Akasikia pia kwamba viwanda vinaacha kuunda injini kama hizo, kwa kuwa dunia inahamia kwenye magari ya betri.

Basi akajisemea kwamba atakayenunua leo gari jipya la ukoo huohuo, akalitunza lisiguswe, kesho atakuwa ameshika johari.

Mtu ana haki ya kuota, na ana haki ya kuipoteza mali yake katika ndoto zake. Ila Sudi hakugusa hata mnazi mmoja wa kwake. Aliliuza shamba la yatima.

Bi Mwanakheri hakuambiwa chochote hadi gari liliposhushwa bandarini. Lilikuwa na rangi ya chungwa lililoiva, mistari miwili mieusi mgongoni, na injini ya silinda nane ambayo ilipowashwa kuku wa mtaa mzima walitawanyika. Sudi alilitia katika banda lililokuwa la kukaushia mbata, akaliinua juu ya magogo ili magurudumu yasibonyee, akaacha viti na nailoni zake za kiwandani, kisha akalifunika turubai na kufunga kufuli.

Mjane alimwendea akiwa amejitanda ushungi wake.

"Shemeji, shamba la mwanangu liko wapi?"

"Lipo, limebadilika sura," Sudi akasema, akitabasamu. "Wanazuoni wametuhimiza mali ya yatima ifanyiwe biashara isije ikaliwa na zaka. Nami nimeifanyia biashara."

Alikuwa na elimu kidogo, na elimu kidogo kichwani mwa mwenye tamaa ni wembe mkononi mwa mlevi. Maneno ya watu wema, yaliyosemwa ili yatima asifukarike, yeye aliyageuza yakawa ngazi ya kumpandia yatima mabegani.

"Biashara gani ya kitu kilichofungiwa?" akauliza Bi Mwanakheri. "Mimi nilikaa eda nikatoka. Hilo lako litatoka lini?"

"Likikaa miaka ishirini, thamani yake itakuwa mara kumi. Haya yanazidi kuadimika."

"Yanaadimikaje, shemeji? Kanga za kale hutafutwa leo kwa sababu wenyewe walizivaa, wakabebea watoto, wakadekia, zikaisha. Ile moja iliyosalia ndiyo ina thamani. Lau kila mwanamke angaliweka doti yake sandukuni, nani angekuja kuitafuta ya mama yangu? Hayo magari ya kale yaliendeshwa yakafa. Haya yenu nani atayaua, ikiwa kila aliyenunua amelifunika turubai anangoja mwenziwe aharibu lake?"

Sudi akacheka kwa dharau. "Wewe jua kanga na ukili. Haya ni mambo ya soko la dunia."

"Na tutakula nini, miaka hiyo ishirini?"

"Subira, shemeji. Subira ni imani."

Ewe msomaji, tazama jinsi mtu aliyeshiba anavyomgawia mwenye njaa subira, kama kwamba ni pishi ya mchele. Bi Mwanakheri alirudi nyumbani akaanza kusuka mikeka ya kuuza. Salha aliacha masomo ya ukunga aliyokuwa ameyapenda tangu utotoni, akakaa na mama yake kusuka ukili. Na upande wa pili wa lile shamba, nazi za Sudi ziliendelea kuanguka kwa msimu wake.

Salha alipofikia utu uzima, alimwendea ami yake akaomba akabidhiwe mali yake. Sudi akamfungulia banda kwa fahari. Binti akaleta wanunuzi. Wa kwanza alitoa bei isiyofika nusu ya thamani ya shamba. Wa pili alipunguza zaidi, kisha akamwonyesha kwenye simu magari mengine ya aina ileile, mistari ileile, nailoni zisizotolewa vitini, yakiuzwa huku na huku na wenyewe waliochoka kungoja. Wa tatu alifunua boneti, akaona hewa ya chumvi imekwisha kutafuna vyuma, na panya wamejengea viota katika nyaya. Aliondoka bila kutaja bei.

"Ami, nipe shamba langu," akasema Salha. "Gari silitaki."

Hapo Sudi alifanya jambo la aibu kuliko la kwanza. Alikwenda kwa kadhi kumshitaki mtoto wa nduguye, akataka asikabidhiwe kitu kwa kuwa hana akili ya kutunza mali.

Siku ya shauri, baraza lilijaa watu. Kadhi alikuwa mtu mpole wa maneno machache, aliyezoea kuwaacha watu waseme hadi wajifunge wenyewe.

"Bwana Sudi, eleza."

"Sheikh, sheria imetutaka tumjaribu yatima kabla ya kumkabidhi mali. Huyu nimemjaribu akashindwa. Nimemwekea johari, naye anataka kuiuza kwa bei ya kokoto. Je, huo si upumbavu? Mali na ibaki mikononi mwangu mpaka apevuke."

"Una yakini kwamba gari hilo ni mali bora kuliko shamba?"

"Nina yakini kama nilivyokaa hapa. Litalipita shamba lile mara kadhaa. Wallahi, Sheikh, ningekuwa na uwezo wakati ule ningelinunua kwa ajili ya nafsi yangu. Nilimpendelea yatima."

Minong'ono ikapita barazani. Wapo waliotikisa vichwa kumsifu, maana mwenye kuapa kwa sauti nene hupata waumini upesi.

Kadhi akamgeukia Salha. "Binti yangu, ami yako ana haki ya kutaka ujaribiwe. Nitakuuliza swali moja. Gari hili likiwa mkononi mwako leo, utalifanyia nini?"

Watu walitega masikio. Akisema ataliuza kwa hasara, amejihukumu. Akisema atalitunza, amekubali kufa njaa pamoja na mama yake.

Salha akainamisha kichwa kwa adabu. "Sheikh, nitampa ami yangu."

Watu wakatazamana. Hata mama yake alimtazama kwa mshangao.

"Umpe bure?" akauliza kadhi.

"Hapana. Ameapa mbele yako kwamba angekuwa na uwezo angelinunua mwenyewe. Uwezo anao, na alikuwa nao tangu siku ile. Upande wake wa shamba la babu ni sawa na ulivyokuwa upande wangu, minazi ni ileile, udongo ni mmoja. Na anipe upande wake, achukue gari. Sitaki nyongeza. Yale yote yatakayopanda kwa miaka ishirini nimemwachia, kwa kuwa yeye ni mkubwa wangu na alimpenda marehemu baba."

Kadhi alimtazama Sudi. "Bwana Sudi, binti amekupa faida ya mara kadhaa bila jasho. Wakubali?"

Sudi akaivua kofia, akajipangusa jasho.

"Sheikh," akasema hatimaye, "shamba ni shamba. Gari ni... ni mambo ya kubahatisha kidogo. Watoto wangu wanakula palepale."

"Na Salha alikuwa akila wapi?"

Mzee mmoja aliyekuwa akimsifu dakika chache zilizopita alianza kutafuta viatu vyake.

Kadhi hakupandisha sauti, lakini kila neno lilitoka kama lililochongwa. "Ardhi ya yatima haiuzwi ila kwa dharura, au kwa faida iliyo wazi isiyo na shaka. Dharura haikuwapo. Faida umeikataa mwenyewe kwa ulimi wako ilipoletwa mlangoni pako. Kumbe ulijua. Ulijua tangu siku ya kwanza lipi ni zuri na lipi ni baya, ukalitia zuri kwapani, ukampa baya mtoto aliyeachwa mikononi mwako na ndugu yako anayekata roho. Kisha ukaja hapa kumwita mpumbavu. Binti huyu amejaribiwa na amefaulu. Uwasii wako umekoma. Upande wako wa shamba ni wake, kuwa fidia ya ule ulioupoteza, na gari ni lako."

Sudi aliinuka. "Sheikh, umenidhulumu. Nimebaki na nini mimi?"

"Nimekudhulumu vipi?" akauliza kadhi. "Kama kiapo chako kilikuwa cha kweli, nimekutajirisha, unishukuru. Na kama kilikuwa cha uongo, kaa kimya, kwa maana unakiri wizi mbele ya mashahidi."

Sudi akakaa kimya.

Salha alimshika mama yake mkono, wakatoka barazani. Mwezi uliofuata nazi ziliangushwa, na binti akarejea kwenye masomo yake ya ukunga.

Mfikishie ujumbe huu kila aliyepewa amana ya mtu, na hasa yule anayekasirika akiusoma.

Funzo: Anayekusifia hazina ya kesho kwa kutumia mali yako, mtake kwanza aibadili na mali yake ya leo, na mali ya yatima ni amana ya kulindwa, si dau la kuchezea ndoto za mlezi.