Mtu Wake Pimbi

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipoanza kucheza mpira wa kikapu, ulinzi ulikuwa mkonga tu. Tembo alisimama chini ya kikapu na kila mpira uliokuja aliuzoa. Wazee wakakataza.

Ndipo timu ya wakubwa, iliyocheza na timu ya wadogo, ikaanza kukaba: kila mtu na mtu wake. Pimbi, mdogo kuliko wote, akapangiwa Nyati wa kumkaba. Mechi nzima Nyati alimpumulia shingoni, huku akimsimulia habari za mkewe na kupe wake. Pimbi aliishi peke yake kwenye mwanya wa jiwe. Siku za mechi ndizo alizokuwa na mtu.

Kisha Tembo akachoka kukimbia.

"Kuanzia leo hatukabi mtu. Kila mmoja alinde eneo lake."

Wakajipanga kuzunguka kikapu kama boma. Pimbi akabaki kwenye kona.

"Kaka Nyati," aliita, "leo mimi ni mtu wa nani?"

"Huna mwenyewe, bwana mdogo. Kaote jua."

Wenzake nao wakawa hawampi mpira. Shingo yake ikawa na baridi.

Nyumbani, Pimbi alishinda akirusha tini za mkuyu kwenye kiota kikavu, mpaka zikawa hazikosei. Lakini uwanjani, mpira ukimfikia kwa bahati, aliurusha kwa makusudi ukaanguka karibu. Pu.

"Huyo hana shabaha," Kiboko alicheka.

Mechi iliyofuata, pu tena. Wakaacha hata kugeuka kumtazama.

Siku ya fainali wadogo walikuwa nyuma. Pimbi akaokota mpira uliopotea, akaurusha kutoka konani, ukaingia. Chwaa. Akapewa tena. Chwaa.

"Nani anamlinda huyu?" Tembo aliuliza.

"Si eneo langu," alisema Kiboko.

"Wala langu," alisema Nyati.

"Basi mkabeni wote!"

Wakamkimbilia, dududu, vumbi likatimka. Kikapu kikabaki wazi. Pimbi akaupitisha mpira kati ya miguu ya Tembo. Swala akaudaka, akautumbukiza. Filimbi ikalia.

Wadogo walimbeba Swala juujuu, wakaenda zao. Pimbi alibaki konani. Nyati naye alibaki, akihema.

"Tembo anasema tunarudia kukaba," Nyati alisema. "Wewe ni mtu wangu."

"Shemeji hajambo?" Pimbi aliuliza.

Nyati akasogea karibu, akaanza kusimulia.

Ndiyo hivyo, wanangu: kumwacha mdogo peke yake ni kumpa nafasi ya kulenga.