Kadi ya Salamu Iliyofika Mwangalo

Hapo zamani, zamani ya juzi tu, wakati redio ilikuwa moja kwa nyumba tano na kila mtu akiisikiliza, palikuwa na mji uitwao Kilindimo. Msiutafute kwenye ramani. Kaeni vizuri, na mwenye jibu asilitoe kabla sijamaliza, maana nawajua, nyinyi mna haraka.

Siku ya mnada wa mbuzi, mtu mmoja alikunywa uji vikombe viwili, akaomba aongezewe sukari, kisha akaondoka na kuacha begi chini ya benchi. Muuza uji, Siwazuri, alikuwa amekwenda kuteka maji ya kuoshea vikombe. Bomu likalipuka. Watu kumi na mmoja wakafa. Wenye bomu walitangaza kwamba wanapigania haki. Haki gani hiyo ya kuua wanunuzi wa mbuzi? Mimi mpaka leo sijaielewa, na nina hasira nayo.

Polisi wakamwambia Siwazuri, "Dada, wewe ndiye uliyeiona sura yake. Toka mjini, na usimwambie mtu unakokwenda."

Lakini Siwazuri alikuwa na mtoto mwenye surua, hawezi kusafiri. Akamwacha kwa mama yake, Bi Mwanahawa. Nyinyi mngemwachia mama mtoto mgonjwa bila kusema mnakokwenda? Akamnong'oneza, "Mama, nitakuwa Mwangalo, kwa shangazi Binti Chande. Usimwambie mtu."

Huku nyuma mji uliingiwa na hofu. Mnada ukafungwa, na uchaguzi ulikuwa umekaribia. Mheshimiwa Mahonge, mbunge wao, akapanda jukwaani. "Ndugu zangu, msiogope! Shahidi tunaye! Mama muuza uji amemwona kwa macho yake!" Vigelegele vikapigwa. Jina hakulitaja, hilo tumpe. Ila muuza uji pale mnadani alikuwa mmoja tu. Redio ya mji ikairusha hotuba jioni, ikairudia asubuhi, kwa sababu ilikuwa tamu.

Wiki tatu zikapita. Mtoto akapona. Bi Mwanahawa alitamani binti yake ajue, lakini atamjulishaje? Sasa, huyu mama alikuwa mtuma salamu wa miaka mingi. Harusi, alituma kadi redioni. Tohara, alituma kadi. Akachukua kadi, akaijaza kama alivyozoea, jina na mahali: "Salamu zimfikie mwanangu Siwazuri, kwa shangazi yake Binti Chande, Mwangalo. Mtoto amepona surua, anakula vizuri."

Mtangazaji Lukosi alikuwa na kadi sitini za kusoma kwa saa moja. Akaisoma hiyo kwa madaha yake yote, akaisindikiza na wimbo.

Kule Mwangalo, Siwazuri aliisikia, akalia kwa furaha. Shangazi hakulia. Alizima redio.

"Tuliyoyasikia sisi, na wao wameyasikia. Ondoka."

"Twende wote, shangazi."

"Kwa miguu yangu hii? Nitakuchelewesha. Pitia shambani, nenda!"

Alasiri haijaisha, watu wawili wakafika kwa pikipiki. Binti Chande akawaelekeza mtoni, ambako Siwazuri hakwenda. Walipomkosa, walirudi, wakamwua shangazi mlangoni kwake.

Baadaye yule mnywa uji aliyeacha begi alikamatwa. Kesi ikapangwa Jumatatu, na shahidi ni mmoja tu. Siwazuri akasema, "Nitakuja kumtambua. Lakini kwanza, aliyemponza shangazi yangu aseme kwenye redio ileile: ni mimi."

Ndipo Jumamosi wakakutana studio, wanne, na kipaza sauti kimoja mezani.

Mheshimiwa akaanza. "Mimi sikutaja jina wala mahali. Watu walikuwa wanajifungia ndani kwa woga, nikawapa moyo. Mnada ulifunguliwa kwa sababu yangu. Mahali alipataja mama."

Bi Mwanahawa akasema, "Mheshimiwa, mimi nimetuma salamu miaka ishirini na hazijawahi kumwua mtu. Wangejuaje kwamba mwanangu ndiye shahidi, kama si wewe na muuza uji wako? Mimi nilitaka mtu ajue mtoto wake yu hai."

Lukosi akasema, "Mimi ni mdomo tu. Sikuandika, sikuhutubu. Polisi hawakuniambia jina gani nisilisome. Tena Siwazuri, dada yangu, usikasirike: mjini mlikwishajulikana wewe na ndugu zako wote. Wangekufikia tu. Ni ile kadi iliyokushtua ukakimbia, ukapona."

"Na wewe mwenyewe," Mheshimiwa akamwambia Siwazuri kwa upole, "uliambiwa usimwambie mtu."

"Ni kweli," Siwazuri akasema. "Hilo linaninyima usingizi."

"Basi tuseme sote tulikosea," Mheshimiwa akapendekeza. "Tuyamalize. Yule mtu akiachiwa ataua tena."

"Sote si jina la mtu," Siwazuri akajibu. "Kwenye vikao mnasema sote, mkitoka nje hakuna hata mmoja."

Bi Mwanahawa akakivuta kipaza sauti. "Washa, Lukosi. Nitasema ni mimi."

Siwazuri akamshika mkono. "Unasema kwa kuwa ndivyo ilivyo, mama, au kwa kuwa unanipenda?"

Bi Mwanahawa akakiachia kipaza sauti. Machozi yalimtoka.

Wauaji ni wauaji, hilo hakuna anayelibishia hapa, msinipotezee muda nalo. Mimi nauliza kuhusu wale wanne, ambao hakuna hata mmoja aliyemtakia Binti Chande mabaya. Mmoja alitaka kura, na kweli aliwapa watu moyo. Mmoja alitaka kumtuliza mwanawe. Mmoja alisoma alichopewa bila kukifikiria. Na mmoja alimwamini mama yake. Lukosi amekwishawasha mtambo, taa nyekundu inawaka, mji mzima unasikiliza, na mpaka sasa hakuna aliyesema neno.

Haya, semeni sasa, mmoja mmoja, msinipigie kelele: kipaza sauti kile kilistahili kusogezwa mbele ya nani?